Nani Ashike Daftari?

Wahenga walituachia usemi wa wafanyabiashara: mali bila daftari huisha bila habari. Kila kijana aliyewahi kufungua genge au kuuza vocha anaujua ukali wake. Lakini ndugu msomaji, hebu tuugeuze kidogo tuone upande wa pili. Kama mali bila daftari huisha bila habari, je, deni bila daftari? Deni haliishi. Linasahauliwa tu, na anayesahau siku zote ni yule anayedaiwa. Anayedai hasahau, ila hana pa kushika.

Nataka tuzungumze juu ya deni la namna hiyo. Si deni la unga wala la kodi ya chumba. Ni deni la moshi, tena moshi usioonekana: moshi wa kompyuta.

Najua wapo watakaocheka. Kompyuta ina moshi gani, bwana? Haina bomba, haikohoi kama daladala bovu linalopanda mlima. Ni kweli, ukiikodolea macho hutaona kitu. Lakini kompyuta inakula umeme, na umeme una kwao. Ukituma picha, au ukiiomba programu ya akili bandia ikuandikie barua ya kuomba kazi, kazi hiyo haifanyiki ndani ya simu yako. Inakwenda mbali, kwenye majumba makubwa yaliyojaa mashine zinazounguruma usiku na mchana, ambayo huitwa vituo vya data. Mashine zinachemka, mitambo mingine inazipoza, na yote hiyo inakula. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo hivyo vilitumia yuniti bilioni 415 za umeme, yuniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Hiyo ni kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Shirika hilo hilo likatabiri kwamba ifikapo mwaka 2030 zitakuwa yuniti bilioni 945 hivi. Nchini Ireland, ambako makampuni makubwa yamejenga majumba hayo kwa wingi, mwaka 2015 yalikuwa yanakula asilimia 5 ya umeme wa nchi. Mwaka 2023 yakafika asilimia 21, yakazipita nyumba zote za mijini za nchi hiyo zikiwekwa pamoja.

Sasa umeme huo unatoka wapi? Hapo ndipo penye kitendawili. Kazi ile ile ya kompyuta ikifanywa Norway, ambako umeme karibu wote ni wa nguvu za maji, moshi wake ni mdogo mno. Ikifanywa Afrika Kusini, ambako sehemu kubwa ya umeme ni ya makaa ya mawe, moshi ni mwingi. Hata mahali pamoja, saa sita mchana jua likiwaka si sawa na saa mbili usiku, jua limekwenda zake na mitambo ya gesi ndiyo imebaki kazini. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kazi fulani imetoa hewa ukaa kiasi gani, lazima yaandikwe mambo manne: ni kazi gani, imefanyika wapi, saa ngapi, na kwa umeme wa namna gani. Lazima pawe na daftari.

Daftari lipo. Tatizo ni kwamba linashikwa na anayedaiwa.

Mfikirie muuza maziwa anayepita na baiskeli kila asubuhi. Yeye ana kijidaftari chake, anaandika. Mama mwenye nyumba naye anatia alama kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni. Mwisho wa mwezi wanakaa. Muuza maziwa anasema lita 31, mama anasema 28, basi wanarudi nyuma siku kwa siku: ile siku ya mvua hukuja, na ile siku ya msiba tulichukua nusu. Wanaelewana. Hakuna malaika pale. Kinachowafanya waelewane ni maandishi mawili katika mikono miwili yenye nia tofauti. Sasa ondoa kijidaftari cha muuza maziwa. Ibaki kalenda ya jikoni peke yake, tena iliyoandikwa kwa penseli. Jamani, huyo mtu atalipwa lita ngapi?

Ndivyo hesabu ya moshi wa kompyuta ilivyo kwa sehemu kubwa. Kampuni inajihesabia yenyewe, kisha inatutangazia. Na kanuni zenyewe zina mlango wa uani. Chini ya utaratibu uitwao Greenhouse Gas Protocol, unaotumiwa na makampuni ya dunia nzima, tangu mwaka 2015 moshi wa umeme unahesabiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza inafuata mahali: unachota umeme wa gridi gani, na gridi hiyo ina moshi kiasi gani. Njia ya pili inafuata soko: ukinunua hati za umeme safi uliozalishwa kwingine, hata kwa saa nyingine, unaruhusiwa kupunguza hesabu yako kana kwamba umeme huo ulipita kwenye waya wako. Hesabu zote mbili huandikwa, lakini inayopigiwa tarumbeta ni moja, na si vigumu kubahatisha ni ipi. Mwaka 2024 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu za vituo vya data vinavyomilikiwa na Google, Microsoft, Meta na Apple kwa miaka ya 2020 hadi 2022, likasema kwamba moshi halisi huenda ulikuwa zaidi ya mara 7 ya ule uliotangazwa. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Kila kitu kilifuata kanuni. Na hilo ndilo linalopaswa kututia wasiwasi zaidi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1494 kule Venice, mtawa mmoja aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hesabu kilichowafundisha Wazungu wengi jinsi ya kutunza vitabu vya biashara. Alishauri mfanyabiashara aanze daftari lake kwa jina la Mungu. Kisha akalaani tabia ya wale wenye vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi na kingine cha kumwonyesha muuzaji. Yaani miaka zaidi ya 500 iliyopita watu walikwisha kujua kwamba jina la Mungu juu ya ukurasa halimzuii mtu kuandika uongo chini yake.

Sasa wamekuja wataalamu wa kompyuta na dawa yao, nayo wanaiita blokicheni. Jina linatisha lakini jambo lenyewe halitishi. Ni daftari ambalo kila ukurasa unabeba alama ya kidole ya ukurasa uliotangulia. Alama hiyo ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na maneno ya ukurasa wenyewe. Ukibadilisha nukta moja katika ukurasa wa tatu, alama yake inabadilika, haifanani tena na ile iliyobebwa na ukurasa wa nne, na udanganyifu unajulikana mara moja. Tena daftari hilo haliko kwa mtu mmoja. Nakala zake zimetawanywa kwenye kompyuta nyingi, na ukurasa mpya hauingii mpaka wengi wakubaliane.

Wazo la kuunganisha kurasa hivyo lina umri. Mwaka 1991 wataalamu wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, waliandika juu ya njia ya kuthibitisha kwamba hati ya kompyuta ilikuwapo siku fulani na haikuguswa baadaye. Kuanzia mwaka 1995 kampuni yao ikawa inachapisha alama ya daftari lake ndani ya gazeti la New York Times, kwenye kona ya matangazo madogo madogo. Angalia ujanja wake: gazeti likishasambaa mitaani, nani ataweza kuzikusanya nakala zote azifute? Mwaka 2008 mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto wakalichukua wazo hilo, wakaliongezea mambo mengine, ikazaliwa Bitcoin.

Basi hoja ya watetezi ni hii. Tufunge mita katika vituo vya data. Kila saa mita iandike yenyewe: umeme kiasi hiki, gridi hii, kazi hii. Maandishi yaingie katika daftari la wengi lisilofutika. Hapo hakuna tena kalenda ya jikoni wala penseli. Taasisi ya Energy Web, iliyoanzishwa mwaka 2017, imekuwa ikifanya kazi ya aina hiyo, kufuatilia kwa blokicheni umeme safi umezalishwa wapi na nani ameutumia, na ikaleta mpango wa kuwapa wachimbaji wa Bitcoin vyeti vya umeme wao.

Pingamizi la kwanza linakuja haraka: eti tutapima moshi kwa mashine inayotoa moshi! Ni kweli kwamba Bitcoin ina uchu wa umeme. Chuo Kikuu cha Cambridge, katika ripoti ya mwaka 2025, kiliukadiria kuwa yuniti bilioni 138 kwa mwaka, kama nusu ya asilimia moja ya umeme wa dunia. Inakula hivyo kwa sababu kompyuta zake zinashindana kubahatisha jibu la fumbo, na mshindi ndiye anayeruhusiwa kuongeza ukurasa. Lakini si lazima kila daftari la wengi liendeshwe hivyo. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mashindano hayo, ukaanza kuwateua waandishi kutokana na dhamana wanayoweka, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo tusikae kwenye pingamizi hilo. Lilikuwa la haki, na sehemu yake kubwa imepata jibu.

Pingamizi zito ni jingine. Daftari lisilofutika linalinda kilichoandikwa, lakini haliwezi kujua kama kilichoandikwa ni kweli. Ukweli unaingilia mlangoni, na mlangoni hakuna blokicheni. Pale kuna mita, na mita imefungwa na mtu.

Mnakumbuka Volkswagen? Septemba 2015 ilifichuka Marekani kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo. Likipimwa, linatoa hewa iliyo safi. Likirudi barabarani, linatapika uchafu wake kama kawaida. Yalikuwa magari kama milioni 11 dunia nzima. Kumbe mashine nayo inaweza kufundishwa changa la macho! Ungechukua vipimo vile ukaviandika kwenye daftari lisilofutika, ungepata nini? Ungepata uongo uliohifadhiwa vizuri kuliko uongo wowote katika historia ya binadamu.

Na tusidhani ni mfano wa kutunga. Katika biashara ya hati za kaboni, ambayo ni ndugu wa karibu wa jambo letu, mwaka 2021 ulianzishwa mtandao uitwao Toucan. Ulichukua hati za kaboni zilizokuwa zimesajiliwa na shirika la Verra, zikafutwa huko kama hati zilizokwisha kutumika, kisha zikafufuliwa kwenye blokicheni ziuzwe upya. Nyingi zilikuwa hati za miradi ya zamani ambazo wanunuzi walikuwa wamezikwepa. Mei 2022 Verra ikaupiga marufuku utaratibu huo. Sasa angalia: hakuna ukurasa uliochezewa, na daftari lilifanya kazi yake barabara. Kilichokuwa na kasoro ni kile kilichoingizwa. Ukiweka maji kwenye chupa ya asali na kuifunga kwa risasi, hujapata asali. Umepata maji yasiyomwagika.

Basi tuitupe dawa yote? Wapo wanaosema hivyo. Wanasema huu ni usanii wa matajiri, danganya toto ya kisasa. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu inaweza kuonekana ya ajabu. Nadhani hata uongo usiofutika una faida. Uongo wa penseli unafutwa kabla shahidi hajafika. Uongo wa wino unamngoja shahidi. Mtu akiandika leo kwamba kituo chake kilitumia umeme wa jua saa mbili usiku, maneno yake yatabaki pale mpaka atokee mtu mwenye akili ya kuuliza jua gani hilo la saa mbili usiku. Daftari halimfanyi mtu kuwa mkweli. Linamfunga tu kwa maneno yake mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Jamii nyingi ziliapisha watu mbele ya mashahidi si kwa kuamini kwamba kiapo kinaondoa uongo, bali kwa kutaka siku ya siku mwongo ajulikane.

Lakini hapo linazuka swali ambalo ndilo kiini cha maandishi haya. Wino unamngoja shahidi. Shahidi ni nani? Nakala ziko kwa nani?

Wataalamu wanapojisifu kwamba daftari liko kwa wengi, tuwaulize: wengi gani? Yako madaftari ya aina hii ambayo nakala zake zinashikwa na makampuni yaliyoalikwa tu. Makampuni kumi yenye moshi yakigawana nakala kumi za daftari la moshi, hilo ni daftari la wengi kweli, lakini ni la wadeni watupu. Kalenda kumi za jikoni na hakuna muuza maziwa hata mmoja. Na kama kujiandikisha ni hiari, nani atakayekuja kujiandikisha? Atakuja mwenye usafi wa kuonyesha. Mwenye uchafu atabaki nje, ana haraka ya nini?

Na anayedai ni nani? Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walisema mwaka 2023 kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumefanya ukame wa aina ile uwe rahisi kutokea angalau mara 100 kuliko zamani. Sisemi kompyuta ndizo zilizokausha visima vile. Moshi una wazazi wengi, na kompyuta ni mtoto wa juzi katika ukoo huo. Ninachosema ni kwamba mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake ni mmoja wa wanaodai, na hakuna daftari la moshi, liwe la penseli au la blokicheni, ambalo nakala yake iko mkononi mwake.

Vijana wenzangu wengine watanijibu kwa hoja ninayoisikia kila mahali. Sisi huku umeme wenyewe unakatika, wengine hata kompyuta tunaazima, tuhesabu moshi wa nini? Hiyo ni kazi ya waliochafua. Hoja hii ina nusu ya haki. Ni kweli hatia haiko sawa. Kijana anayechapa shairi lake kwenye kompyuta ya kukodi hawezi kukaa benchi moja na kampuni yenye majumba ya mashine katika mabara manne, na anayetuhubiria kana kwamba sote tuko sawa anatafuta wa kumbebesha mzigo wake. Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo ni ya hatari. Tangu lini anayedai akasema hesabu si kazi yake? Muuza maziwa anaandika kwa sababu anadai. Aliyepoteza ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutunza kumbukumbu. Tukisema hesabu ni ya waliochafua, tumewaachia kalenda na penseli kwa hiari yetu.

Tena tuwe macho na kosa jingine: kudhani kwamba kuandika ni kulipa. Deni lililoandikwa kwa mwandiko mzuri ni deni bado. Naona hatari kwamba kampuni itaonyesha daftari lake linalong'aa, lenye tarakimu za kila saa, sisi tukapiga makofi, na moshi ukaendelea kupanda. Daftari ni mwanzo wa mazungumzo ya mwisho wa mwezi. Kama mazungumzo hayaji, limekuwa pambo la ukutani.

Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi, na naomba kila msomaji akitumie kila atakaposikia habari za blokicheni ya hewa ukaa. Uliza kwanza: nani anaandika, na nani anayeikagua mita yake bila kulipwa naye? Uliza pili: nani anashika nakala, na je, yumo hata mmoja miongoni mwa wanaodai? Uliza tatu: nani anasoma? Majibu yote matatu yakiwa jina lile lile, usisumbuke na ubora wa mashine. Huo ni ubabaishaji wa gharama kubwa.

Swali hilo la tatu ni letu sisi tunaojifunza kuandika. Daftari linaweza kuwekwa wazi kwa dunia nzima na bado likawa limefungwa, kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya mafundi na tarakimu zisizo na mwisho. Gazeti la mwaka 1995 lilibeba alama ile kwenye matangazo madogo, wasomaji wakaipita wakitafuta mambo mengine. Nakala isiyosomwa ni sawa na shahidi aliyelala. Bibi wa kijijini hana haja ya kujua blokicheni ni mdudu gani, lakini ana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili anachokielewa kwamba kuna hesabu mahali, inamhusu, na imesema hivi. Nani atamwambia? Mafundi hawatamwambia, wana kazi zao. Makampuni hayatamwambia, yana sababu zao. Wanaobaki ni watu wenye kalamu.

Tunapenda kuandika mapenzi, na tuendelee kuyaandika, dunia bila mapenzi haifai. Ila kati ya shairi na shairi, mmoja wetu akae na tarakimu za moshi usiku mmoja, azisome mpaka zizungumze, kisha asubuhi awaeleze wengine zimesema nini.